Muulize Mjomba: Kazi ya bure mpaka saa nane usiku, mtu anapata nini?

Toleo lililopita niligusia juujuu tu ile miradi ya mtandaoni ambayo kazi kubwa inakatwa vipande vidogovidogo afu wanagawiwa watu wengi wasiojuana, kila mtu anafanya kipande chake anaenda zake. Jina lake ni kraudisosi, neno ambalo mwandishi Jeff Howe alilitoa kwenye jarida la Wired mwaka 2006, mi nitaendelea kuiita miradi ya umati maana ulimi wangu hauna mazoezi. Sikutegemea barua zozote. Zimekuja rundo, na karibu zote zinauliza jambo lilelile kwa mlango tofauti, kwamba hawa watu humo ndani wanapata nini? Nimechukua tano, zile ndefu nimezikata, wenyewe mnisamehe.

"Mjomba habari za kazi. Mume wangu amepata ugonjwa sijui niuite nini. Akirudi kazini anakula, anafungua laptopu, mpaka saa nane usiku anachora vinyumba juu ya picha zilizopigwa kutoka angani, tena vinyumba vya nchi ambayo hajawahi kukanyaga na wala hana ndugu huko. Nilimuuliza wanakulipa bei gani akacheka. Nikahisi kuna mwanamke upande wa pili, nikachungulia usiku, ni vinyumba tu kweli. Huyu mtu anatafuta nini?"
Mama Vinyumba

Nzuri dada yangu, umenichekesha peke yangu kama mwehu. Pole kwanza. Pili nikuambie ukweli, huo ugonjwa na mimi niliwahi kuugua kwahiyo dalili zake nazijua zote.

Inakuwa hivi. Unafunguliwa kimraba kimoja cha ramani chenye picha ya setilaiti, mwanzoni huoni kitu, ukungu wa kahawia tu. Unasogeza karibu. Kumbe kile cheusi pembeni ni kivuli, na chenye kivuli cha kona kali ni nyumba, chenye kivuli cha mviringo uliochakaa ni mti. Basi unabofya kona ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, unafunga, mstari umepinda kama umechorwa na mtoto, afu unabonyeza herufi Q na kona zote zinanyooka zenyewe tap. Unaenda nyumba ya pili. Ukizimaliza zote unatoa taarifa kwamba hapa nimemaliza, kimraba kinabadilika rangi, na jirani yake ambacho hakijaguswa na mtu kinakutumbulia macho. We hapo utalala saa ngapi?

Hiyo raha watu wengi wanairuka wanakimbilia kusema "moyo wa kujitolea". Kazi zetu nyingi za mchana haziishi, unaacha ijumaa unaikuta jumatatu imekaa palepale na imezaa. Huku mtu kapewa kitu kidogo chenye mwanzo na mwisho, anakimaliza leoleo, anakiona kimekamilika, na hakuna bosi nyuma ya kiti. Lakini hiyo peke yake isingetosha maana hata michezo ya simu inayo, na mumeo hachezi mchezo wa simu.

Tarehe 12 Januari 2010 tetemeko lilipiga Haiti. Ramani ya mji mkuu wake Port-au-Prince iliyokuwa kwenye OpenStreetMap, ule mradi wa ramani huria ulioanza 2004, ilikuwa na barabara chache chache tu. Ndani ya siku chache watu mamia kwa mamia waliokaa majumbani kwao nchi mbalimbali walichora barabara, majengo yaliyoanguka na kambi za waliokosa makazi kutoka kwenye picha mpya za setilaiti, na waokoaji waliokuwa kulekule chini wakaiingiza ramani hiyo kwenye vifaa vyao wakaifuata. Sasa mtu aliyewahi kusikia habari hii akichora kinyumba anamuona na mwenye nyumba ndani yake. Ndo maana alicheka ulipomuuliza bei.

Na sio mimi ninayemtetea tu. Kuna mradi wa Galaxy Zoo ulioanza Julai 2007, chanzo chake ni mwanafunzi wa Oxford anaitwa Kevin Schawinski ambaye alikuwa ameshakaa wiki nzima anatazama picha za galaksi 50,000, yale makundi makubwa ya nyota huko angani, kwa macho yake mwenyewe, hii ya mviringo, hii ya mikono, hii ya mviringo, na picha zote kwa jumla zilikuwa karibu 900,000. Akachoka kama ambavyo mimi na wewe tungechoka. Yeye na wenzake wakaziweka mtandaoni wakaomba msaada, na siku moja haijaisha majibu yalikuwa yanaingia karibu 70,000 kwa saa, mwaka wa kwanza ukafunga na zaidi ya milioni 50. Baadaye wakawauliza karibu watu 11,000 kati ya hao, sababu yako kubwa ni ipi, wakawekewa sababu 12. Iliyoongoza kwa mbali, karibu asilimia 40, ni kwamba wanataka kuchangia utafiti wa sayansi wa kweli. Uzuri wa picha ulikuwepo kwenye orodha, burudani ilikuwepo, hazikufua dafu. Watu wanajua tofauti ya zoezi la shuleni na kazi ambayo kuna mtu anaisubiri.

Humohumo ndani mwaka huohuo wa 2007 mwalimu wa shule wa Uholanzi, Hanny van Arkel, aliona doa la ajabu kwenye picha moja akauliza hiki ni nini jamani, wataalamu wakatazamana. Hawakuwa wamewahi kukiona. Leo kile kitu huko angani kinaitwa Hanny's Voorwerp, kwa Kiholanzi maana yake kitu cha Hanny. Mwalimu wa shule, kitu chake kiko angani!

Kwahiyo dada yangu mwanamke hayupo, kuna kimraba. Siku moja kaa pembeni yake mwambie nionyeshe nyumba ya leo, utashangaa atakavyofunguka. Ila saa nane usiku ni balaa, hapo nakuunga mkono, mpangie vimraba viwili kwa siku afu laptopu ifungwe.

"Mjomba shikamoo. Naratibu mradi wa kunakili barua za zamani zilizoandikwa kwa mkono, tumezipiga picha kurasa kama elfu nne tukaomba watu wazisome na kuzichapa. Walijiandikisha 312. Wiki ya kwanza moto, sasa tuko mwezi wa tatu wanaofanya kazi ni 9. Mwenyekiti wetu anataka tuwalipe kidogokidogo kwa kila ukurasa, mwenzangu anataka beji na orodha ya vinara. Tufanye lipi? Nimechoka kubembeleza watu wazima."
Nimebaki na Tisa

Marahaba mpwa. Futa machozi kwanza. Tisa kati ya 312 ni karibu asilimia 3 na kwa dunia hii hujafeli hata kidogo. Mtaalamu wa matumizi ya tovuti Jakob Nielsen aliliandika hili 2006, kwamba kwenye miradi ya aina hii katika kila watu 100 utakuta 90 wanachungulia, 9 wanachangia mojamoja, na mmoja ndo anabeba zege. Ni makadirio tu sio sheria ya mbinguni, lakini kila niliyemjua akiendesha mradi wa umati analia kilio hichohicho.

Kosa lenu nyote watatu mnafikiri kinachomleta mtu ndo kinachombakisha. Hapana. Kumleta ni rahisi, tangazo zuri linamleta, rafiki anamleta, udaku wa kutaka kusoma barua za watu unamleta (usikatae, nusu ya hao 312 walikuja kwa udaku). Kumbakisha ni hadithi nyingine, na hela na beji mnazogombania zote ni za mlangoni.

Mi yalishanikuta. Niliwahi kujiunga na mradi mmoja sitautaja, wa kunakili daftari za zamani za hali ya hewa. Tarakimu za kipimajoto, wino umefifia, huyo aliyeandika 7 yake na 1 yake ni mapacha. Jioni baada ya jioni kwa wiki mbili, kurasa arobaini na kitu. Kimya. Nikawaandikia kuuliza jamani zile 7 zangu ni 7 kweli au nawaharibia, mpaka leo nasubiri. Na sikuondoka kwa hasira mpwa, wala sikuamua kuondoka, kuna jioni moja nilisahau tu kurudi. Nadhani hao 303 wako wamesahau kurudi vilevile.

Sasa hela, maana mwenyekiti sio mjinga, hela inavuta. Shida ni hiyo "kidogokidogo". Watafiti Gneezy na Rustichini walifanya jaribio Israeli wakalichapisha mwaka 2000, walichukua wanafunzi waliokuwa wanapita nyumba kwa nyumba kukusanya michango ya hisani, kundi moja likapewa maneno tu ya umuhimu wa kazi, la pili likaahidiwa asilimia 1 ya watakachokusanya, la tatu asilimia 10. Waliokusanya nyingi kuliko wote ni wale wa bure! Wa asilimia 10 wakafuata, wa asilimia 1 wakawa mkiani. Kichwa cha utafiti wao kilikuwa lipa vya kutosha au usilipe kabisa, na mi naona kingebandikwa ukutani ofisini kwa mwenyekiti wako. Ukimpa mtu hela ndogo unamfundisha kupiga hesabu. Jana alikuwa anaokoa sauti za watu waliokufa, leo anafanya kibarua cha bei mbaya, na ukurasa ni uleule. Tena wengine, Mason na Watts mwaka 2009, waliona kwamba ukiongeza malipo watu wanafanya kazi nyingi zaidi lakini sio nzuri zaidi, na wewe kwenye mwandiko wa kuku unahitaji nzuri.

Beji je. Hapa mwenzako ana nusu ya haki. 2012 walitoka watafiti Restivo na van de Rijt, walichukua wahariri 200 wa Wikipedia kutoka kwenye ile asilimia 1 ya wanaochapa kazi kuliko wote, nusu wakabandikiwa nyota ya shukrani kwenye kurasa zao na nusu hawakupewa kitu. Waliopewa kazi yao ikawa juu ya wenzao kwa asilimia 60. Nyota ya bure kabisa, picha tu! Lakini soma vizuri, ile nyota utamaduni wake ni mtu kumpa mtu, kwamba kuna mwenzako ameona ulichofanya akasimama kusema asante. Beji inayotoka yenyewe kwa mashine ukifika kurasa kumi sio kitu hichohicho, na orodha ya vinara ndo kabisa, inampa raha wa kwanza mpaka wa tano, aliyeko nafasi ya 180 anajua hatafika anafunga dirisha.

Kazi kama yako ilishafanyika zamani bila intaneti ujue. 1879 James Murray alipokabidhiwa ile kamusi kubwa ya Kiingereza ya Oxford aliomba wasomaji popote walipo wasome vitabu na kumtumia kwa posta vikaratasi, neno na sentensi ambamo limetumika. Vikaja kwa mamilioni, kamusi ikakamilika 1928 mwenyewe Murray ameshazikwa. Mmoja wa waliomtumia vingi ni daktari wa jeshi la Marekani, William Chester Minor, ambaye alikuwa amefungiwa kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili ya Broadmoor baada ya kuua mtu, na alituma kwa miaka kama 20. Watu wakisimulia hii wanakaa kwenye mauaji. Mi nakaa kwenye kitu kingine, Minor alikuwa anauliza sasa hivi mpo neno gani, wanamjibu, na yeye anachomoa kwenye madaftari yake sentensi za neno hilohilo anawatumia wiki hiyo. Kikaratasi chake alijua kinaangukia wapi. Mtu amefungiwa ndani, posta ya farasi na treni, bado alijua kuliko wanavyojua watu wako wenye simu mkononi.

Kwahiyo fanya hivi. Kabla ya kulala leo waandikie wote 312 barua fupi, usiwabembeleze hata neno moja, wape habari tu. Chagua barua moja iliyonakiliwa, weka sentensi mbili tatu kutoka humo zile zinazochoma, useme hii tusingeisoma kama mmoja wenu asingekaa nayo, na sasa tunajua hili na hili. Kila mwezi moja hivyo. Halafu wale tisa wapigie simu mmoja mmoja, sio ujumbe wa kundi, uwaulize wanataka nini, na wawili watatu wape kazi ya kuwapokea na kuwakagulia wapya, utaona mtu aliyekuwa anachoka anaamka maana sasa kuna watu wanamtegemea. Na ule ukurasa mzima ukate. Wazee walisema mgeni siku mbili ya tatu mpe jembe, nyie mnampa jembe na shamba zima yuko bado mlangoni amevaa viatu. Mpe mistari mitano. Akimaliza mitano atataka mingine yeye mwenyewe.

Halafu waambie ile kazi ni ya maana gani, hata kama unaona wanajua. Watafiti Chandler na Kapelner waliwapa watu kazi ya kulipwa ya kutia alama vitu vidogo kwenye picha. Kundi moja liliambiwa hizi ni seli za uvimbe mnawasaidia watafiti, kundi jingine halikuambiwa kitu, la tatu likaambiwa majibu yenu hayatahifadhiwa. Wa kwanza walikubali kazi kwa wingi zaidi na wakafanya picha nyingi zaidi. Wa tatu walilipua. Kazi ileile, malipo yaleyale, na wa tatu walilipua kwa sababu walijua inaenda kwenye pipa.

La mwisho mpwa, andika wazi mapema zile nakala ni mali ya nani. Miaka ya 1990 kulikuwa na kitu kinaitwa CDDB, watu walichapa kwa mikono yao majina ya nyimbo za kila CD waliyokuwa nayo ili mwingine akiweka hiyo CD kwenye kompyuta majina yatokee, kazi ya umati safi kabisa. Afu ikageuka biashara, masharti yakabadilika, na waliochapa wakajiona wamefanya kibarua bila kujua. Wakaanzisha yao ya huria, freedb. Mtu wa kujitolea unaweza kumnyima hela akabaki, ukimfanya mjinga harudi na anaondoka na wenzake.

"Oya mjomba mambo. Mi nafanya vikazi vya kulipwa mtandaoni, kuweka alama magari kwenye picha, kusikiliza sauti na kuchapa, malipo ni senti senti. Kuna jamaa ananiambia ninaua ari ya kujitolea kwa kupenda hela. Nijisikie vibaya?"
Kibarua wa Kubofya

Poa mpwa. Usijisikie vibaya hata dakika moja, na huyo jamaa muulize yeye mshahara wake anaupeleka wapi.

Ule ni umati mwingine tu. Amazon walifungua soko lao la vikazi mwaka 2005 wakaliita Mechanical Turk, jina limetoka kwenye mashine ya karne ya 18 iliyodaiwa kucheza sataranji yenyewe, ikazungushwa Ulaya nzima inawafunga watu, kumbe ndani kuna mtu amejikunja anacheza. Jina la kikatili ukilifikiria, maana mtu ndani ya sanduku ni wewe. Pale hela ndo sababu ya kwanza na haina aibu, ni kazi.

Cha kuangalia ni saa zako. Kuna utafiti wa 2018 uliofuatilia wafanyakazi 2,676 wa soko hilo na vikazi milioni 3.8, ukiwapanga kwa kipato yule wa katikati alikuwa anapata kama dola 2 kwa saa, na kilichowashusha ni muda usiolipwa, kutafuta kazi, kazi zilizokataliwa, kuanza kazi na kuiacha njiani. Kwahiyo wiki moja andika kila dakika, hata za kuvinjari tu ukitafuta kazi, afu ugawe. Kuna mteja utagundua umekuwa ukimfanyia kazi karibu bure, huyo achana naye. Na uliza wenzako kabla ya kuchukua kazi ya mteja usiyemjua, wafanyakazi wa kule wana mpaka chombo chao cha kuwapa wateja alama kinaitwa Turkopticon, kilianza baada ya watu kuchoka kukataliwa kazi bila maelezo. Nalo ni mradi wa umati, tena wa bure, na alama zenyewe zinawekwa na watu wa vikazi vya kulipwa. Mwambie na hilo jamaa yako.

"Mjomba, niliandika aya tatu kwenye Wikipedia kuhusu mada ninayoijua vizuri, siku mbili sijakaa sawa zikafutwa zote, maelezo ni mstari mmoja wa vifupisho sikuelewa. Nimekata tamaa. Na hata hivyo lugha yetu wasomaji wenyewe wangapi?"
Aya Tatu

Pole sana, hiyo inauma kuliko watu wanavyokiri, ni kama umesalimia chumba kizima hakuna aliyeitika. Na hauko peke yako, Wikipedia ya Kiingereza wahariri wake walifika kilele 2007 wakaanza kupungua, na utafiti wa Halfaker na wenzake wa 2013 ulionyesha kwamba sababu kubwa ni wageni wenye nia njema kufutiwa kazi, mara nyingi kwa vyombo vya mashine vilivyotengenezwa kukimbiza waharibifu. Mlinzi alikuwa anafukuza wezi akawafukuza na wageni waalikwa.

Mara nyingi aya zinafutwa kwa sababu hazina chanzo, sio kwa sababu ni uongo. Unajua mada vizuri, sawa, lakini yeye hakujui wewe. Fungua historia ya ukurasa, maneno yako bado yamo hayajapotea, chukua aya moja tu kati ya tatu, iweke kitabu au gazeti chini yake, irudishe, na umwandikie aliyefuta kwa upole umuulize. Wengi wao wakiongeleshwa kama watu wanajibu kama watu.

Kuhusu wasomaji umegusa penyewe. Oktoba 2005 Wikipedia ilipofungwa China bara, waandishi wa Kichina waliokuwa nje ya China hawakuguswa, wangeweza kuendelea kama kawaida, lakini michango yao ilishuka kwa wastani wa karibu asilimia 43. Waliobaki wanaweza kuandika walipunguza kwa sababu wasomaji wameondoka. Kwahiyo hiyo hofu yako ni ya kweli na ni ya kibinadamu, sitakuambia usiwaze. Ila kwenye lugha zenye makala chache aya yako moja nzuri mara nyingi ndo aya pekee iliyopo, mwanafunzi akitafuta usiku wa kuamkia mtihani anakutana na wewe au anakutana na hewa. Kwenye ile ya Kiingereza wewe ni wa elfu ngapi sijui. Huku we ndo mwenyewe.

"Mjomba mi sijawahi kushiriki hata mradi mmoja na sina mpango. Kuna ubaya?"
Sina Muda

Hakuna ubaya. Ila nikuulize, hujawahi kufungua akaunti mahali ukaambiwa uthibitishe kwamba wewe sio roboti, wakakuletea maneno mawili yaliyopindapinda uyachape? Ile ni reCAPTCHA, ilianza 2007 chini ya mtaalamu wa kompyuta Luis von Ahn na wenzake, neno moja lilikuwa mtihani wako na lile la pili lilitoka kwenye vitabu na magazeti ya zamani yaliyopigwa picha ambayo kompyuta ilishindwa kuyasoma. Google wakainunua 2009. Umeshanakili mpwa, tena bila beji.